Umealikwa kuzungumzia Stanley mjini Denbigh? Zungumzia msafara wake

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, Kigoma, na sasa ni muuguzi kaskazini mwa Wales. Chama cha historia cha hapa Denbigh kimenialika Novemba nizungumze dakika 45 kuhusu Henry Morton Stanley, kwa kuwa yeye alizaliwa hapa nami natoka pale alipomkuta Livingstone. Sijawahi kutoa mhadhara, si mwanahistoria, na najua sanamu yake imezua ubishi mjini. Nizungumze nini, nijiandae vipi, na mikutano hii ina taratibu gani?

JIBU: Kubali mwaliko, dada. Ukishakubali, usiende kuwasimulia watu wa Denbigh maisha ya Stanley. Wameyasikia tangu utotoni, na ukumbini hatakosekana mzee anayeyajua kwa tarehe zake. Wasichokijua ni msafara: nani aliuongoza, nani alibeba mizigo, nani alifia njiani na nani alirudi Unguja. Hapo ndipo ulipo mhadhara wako. Tena una nyenzo ambayo wazungumzaji wengi wa mada hii hawana: unasoma Kiswahili.

Kwanza ujue unaingia wapi. Vyama vya historia vya Wales kwa kawaida hukutana mara moja kwa mwezi, kuanzia Septemba au Oktoba hadi majira ya kuchipua, saa moja au saa moja na nusu usiku, katika ukumbi wa kijiji, maktaba au chumba cha nyuma cha kanisa. Watu thelathini ni hudhurio zuri. Wengi ni wastaafu: walimu, wakulima, wauguzi, wafanyakazi wa halmashauri. Mwenyekiti anakaribisha na kutoa matangazo, wewe unazungumza, yanafuata maswali, kisha mmoja wa wanachama anasimama kukushukuru, na mwisho chai na biskuti. Mara nyingi bahati nasibu ndogo huchezeshwa ili kulipia ukumbi. Usiondoke kabla ya chai. Mambo mazito ya jioni ile husemwa kikombe kikiwa mkononi, na watu wasiothubutu kunyoosha mkono mbele ya wenzao watakufuata hapo.

Mwandikie katibu mapema umwulize mambo manne. Mkutano unaendeshwa kwa lugha gani? Ukumbi una projekta na kipaza sauti? Dakika 45 ni pamoja na maswali au bila maswali? Na ada ikoje? Vyama vingi hulipa ada ndogo pamoja na nauli, na wengi huhesabu nauli kwa peni 45 kwa maili. Kama uko Uingereza kwa viza ya kazi, soma masharti yake kabla ya kupokea ada. Kurudishiwa nauli ni jambo tofauti na kulipwa.

Lugha si jambo dogo. Kwa sensa ya 2021, asilimia 17.8 ya watu wa Wales walisema wanazungumza Kiwelshi, na Denbigh ni mji ambamo utakisikia dukani na barabarani. Hakuna atakayekulaumu kwa kuzungumza Kiingereza. Lakini fungua kwa sentensi moja, «Noswaith dda, a diolch am y gwahoddiad», na ufunge kwa «Diolch yn fawr». Majina ya mahali yatamke sawasawa, maana hapo ndipo wageni wengi huwapoteza wasikilizaji. Mswahili ana faida ambayo Mwingereza hana: dd ni dh ya dhahabu, th ni th ya thelathini, ch ni kh ya kheri, f moja ni v, na w ikikaa kama irabu ni u. Dinbych, jina la Kiwelshi la Denbigh, linaishia na kh. Lililobaki gumu ni ll: weka ulimi kama unayetaka kutamka l, kisha pitisha pumzi pembeni mwa ulimi bila sauti. Jizoeze Llanelwy, maana utalihitaji. Ndilo jina la Kiwelshi la St Asaph.

Chama kikitaka bango, Kiwelshi kitangulie na Kiingereza kifuate, na tafsiri isifanywe na mashine halafu ikachapwa bila kusomwa na mwenye lugha. Kosa moja la Kiwelshi kwenye bango litazungumzwa zaidi ya mhadhara wenyewe. Menter Iaith ya wilaya, shirika la kukuza Kiwelshi, husaidia mambo ya lugha. Tangazo lipelekwe pia kwa Y Bigwn, gazeti la Kiwelshi la jamii ya Denbigh. Magazeti ya aina hii hutoka mara moja kwa mwezi na hufunga kurasa mapema, kwa hiyo tangazo la Novemba lisingoje mwisho wa Oktoba.

Sasa yaliyomo. Anza na kitu ambacho msikilizaji alikipita akija ukumbini. Karibu na lango la ngome ya Denbigh umesimama mnara wa kanisa la St Hilary. Kanisa lenyewe limekwisha kubomolewa. Humo alibatizwa Februari 1841 mtoto aliyezaliwa 28 Januari mwaka huo, akaandikwa John Rowlands, na daftari likabainisha kwamba alizaliwa nje ya ndoa. Mwaka 1847, akiwa na miaka sita, alipelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, akakaa humo hadi 1856. Jengo hilo baadaye likawa hospitali iliyoitwa kwa jina lake, H.M. Stanley, ikafungwa 2012. Ukumbini watakuwapo watu waliofanya kazi pale, na wewe ni muuguzi. Hutahitaji daraja jingine la kuwafikia.

Hapo hapo waonyeshe namna ya kupima ushahidi. Katika kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa 1909 baada ya kifo chake, Stanley anasema alimpiga mwalimu wa nyumba ya maskini, James Francis, kisha akaruka ukuta akatoroka. Kumbukumbu za nyumba hiyo zinasema Mei 1856 aliondoka kwenda kwa mjomba wake Holywell, na wanahistoria wengi hawaikubali hadithi ya kipigo. Weka kauli hizo mbili kwenye slaidi moja, usimwite mtu mwongo, nyamaza kidogo wasome. Faida yake utaiona baadaye: ukifika Afrika ukasema takwimu za Stanley zisichukuliwe zilivyo, watakuwa wamekwisha kuona kwa macho yao kwa nini. Ukianza na Afrika, baadhi yao watakuona mgeni aliyekuja kumshambulia mtoto wao.

Dakika nane zinatosha kwa Denbigh. Ishirini zinazofuata zipe msafara wa 1871, ule wa kumtafuta Livingstone, na hapo usiwe na haraka.

Eleza kwanza mizigo. Safari ya bara haikuendeshwa kwa sarafu. Ilihitaji nguo, shanga na waya wa shaba, kila kimoja kwa aina yake, maana shanga inayotakiwa kijiji hiki inakataliwa kijiji cha tatu, na ukikosea rangi ukiwa Unguja unabeba uchafu mpaka Tabora. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, karibu kilo 32, juu ya bunduki, kitanda na sufuria yake mwenyewe. Chukua kaniki, na shuka nyeupe isiyotiwa rangi ikae badala ya amerikani, kitambaa kilichopata jina hilo kwa sababu kilisafirishwa kutoka viwanda vya Marekani hadi Unguja. Weka pembeni mfuko wa mchanga wa kilo 16, yaani nusu ya mzigo. Uweke juu ya meza, si sakafuni: wasikilizaji wako wengi wana migongo mibovu, na mtu anayeinama kuinua kilo 16 jioni ya baridi anaweza kuumia. Juu ya meza ataushika, atauinua sentimita tano, ataelewa.

Kisha wataje watu. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa, akafikishwa India, akarudi Afrika akiwa huru, alikuwa amekwisha kusafiri na wapelelezi Waingereza Burton na Speke kabla ya Stanley kumfanya mkuu wa askari wake. Mabruki naye alikuwa mzoefu wa safari hizo hizo. Waeleze kazi ya kirangozi anayetangulia na bendera, ya mnyapara, ya askari na ya mpagazi, na kwamba wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi, watu waliofanya kazi hii kama ufundi wenye sheria zake: mzigo una uzito wake, posho ina kipimo chake, na msafara ukivunja desturi watu wanatua mizigo. Stanley aliwachapa watu viboko na aliandika hivyo mwenyewe. Sema waziwazi, bila kupandisha sauti.

Kundi la mwisho la msafara liliondoka Bagamoyo 21 Machi 1871. Walipofika Tabora njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, na Waarabu wa Tabora. Stanley akajiunga na Waarabu, wakashindwa, na ndipo akalazimika kuzunguka kusini. Onyesha ramani hapa, moja tu, yenye majina matano: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, Ziwa Tanganyika, na mshale wa mzunguko wa kusini. Ramani yenye majina arobaini haionekani kutoka safu ya nne.

Ujiji ni kwako, usiibanie. Eleza soko, njia ya kushuka ziwani, mahali ulipo mnara wa kumbukumbu na miembe yake. Waambie kwamba kabla Stanley hajasema lolote, aliyemlaki kwa Kiingereza ni Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, na kwamba nyumbani kwa Livingstone alikuwapo mpishi, Halima, ambaye Stanley mwenyewe anamtaja. Tarehe ya kukutana ina utata: Stanley aliandika 10 Novemba, na hesabu ya siku ya Livingstone haikulingana nayo. Sema «Novemba 1871, kwa hesabu ya Stanley» uendelee. Ile sentensi maarufu ya salamu, «Dr Livingstone, I presume?», wataiuliza. Jibu ni fupi: kurasa za siku hiyo zimechanwa katika shajara ya Stanley, kwa hiyo ushahidi wa kwamba aliitamka pale pale ni dhaifu.

Usiishie kwenye kupeana mikono. Livingstone alipofariki 1873, Susi na mtumishi mwenzake Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Alipozikwa London Aprili mwaka huo, Kalulu, mvulana ambaye Stanley alimchukua katika safari ya 1871, alikuwapo mazishini. Kalulu huyo huyo alikufa maji katika mto Congo mwaka 1877, katika safari ya pili ya Stanley. Picha zake zilizopigwa London, amesimama na Stanley, umri wake umevuka kinga ya hakimiliki, lakini chukua nakala kutoka makumbusho au maktaba inayosema wazi masharti ya matumizi, si ile ya kwanza uliyoiona kwenye intaneti.

Safari ya 1874 hadi 1877 ipe dakika kumi. Taja mashua Lady Alice iliyobebwa vipande vipande, na Uledi aliyeiongoza. Taja Bumbire, kisiwa cha Ziwa Victoria ambacho leo kiko mkoa wa Kagera, ambako mwaka 1875 Stanley aliwafyatulia risasi wakazi, na habari ilipofika Uingereza kupitia magazeti ikapingwa vikali wakati ule ule. Hili ni muhimu, kwa sababu kuna atakayesema kwamba tunampima mtu wa zamani kwa vipimo vya leo. Jibu lako ni 1875. Wazungu watatu waliokwenda naye walikufa wote. Kitabu chake cha safari hiyo, kilichotoka 1878, kina orodha ya majina ya wanamsafara. Soma kumi kwa sauti, polepole, kwa matamshi ya Kiswahili. Watakuwa hawajawahi kuyasikia yakitamkwa na mtu anayeyajua.

Na hapa ndipo Kiswahili chako kinapofanya kazi yake kubwa. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, alikutana na Stanley mwaka 1876, wakapatana amsindikize na watu wake kuelekea kaskazini kando ya mto. Tippu Tip aliacha maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi ya Mjerumani Heinrich Brode, na humo analalamika kwamba Stanley hakutimiza ahadi alizompa. Chagua aya fupi, isome kwa Kiswahili kwa muda usiozidi dakika moja na nusu, tafsiri ikiwa kwenye slaidi. Stanley aliijua lugha hii na aliitumia kwenye msafara, na alilelewa katika Kiwelshi. Mtu anayezungumza Kiwelshi hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa. Usimpambe. Mtu atauliza, «Je, hao Waarabu na Waswahili nao?» Swali hilo mara nyingine huulizwa kwa nia njema na mara nyingine ili kumtoa Stanley kwenye kiti. Majibu ni yale yale kwa vyovyote: ndiyo, biashara ya watumwa iliendeshwa na watu wa pwani, wapagazi wengi walikuwa wamepitia utumwa au walikuwa bado watumwa wa mtu Unguja, na Stanley aliukashifu utumwa huku akishirikiana na waliouendesha. Ukianza kutetea upande mmoja, dakika zako za maswali zimekwisha.

Dakika zilizobaki zipe Congo. Kuanzia 1879 hadi 1884 Stanley alimfanyia kazi Leopold II wa Ubelgiji, akifungua vituo na kukusanya mikataba ya machifu, na juu ya msingi huo likasimama dola binafsi la mfalme lililodumu hadi 1908. Ukatili mkubwa wa mpira ulikuja baada ya Stanley kuondoka. Lakini njia alizifungua yeye. Kisha rudi Wales kwa mwendo wa nusu saa hivi kwa gari, hadi Colwyn Bay. William Hughes, mmisionari Mbaptisti Mwelshi aliyekuwa Congo, alirudi na wavulana wawili, Kinkasa na Nkanza, akaanzisha chuo cha kuwafunza vijana wa Kiafrika kilichofungwa 1912. Leopold alikuwa miongoni mwa walezi wa chuo hicho. Wavulana wote wawili walifia Wales, wakazikwa Old Colwyn. Ukimaliza hapo, ukumbi utauliza maswali kuhusu mahali wanapoweza kwenda Jumamosi, na hayo ndiyo maswali bora.

Nyaraka nyingi za mada hii zinapatikana bila kusafiri mbali. Kwa karatasi za wilaya na za nyumba ya maskini, waandikie North East Wales Archives, wenye ofisi Ruthin na Hawarden; waulize kwanza karatasi ziko ofisi ipi, usije ukapanda basi la bure. Maktaba ya Taifa ya Wales iliyoko Aberystwyth imeweka magazeti ya zamani mtandaoni bila malipo, hadi 1919. Tafuta kwa vipindi vifupi, 1872 hadi 1878 na 1887 hadi 1890, kwa Kiwelshi na Kiingereza. Maandishi yale yamesomwa na kompyuta, na herufi za zamani huikosesha, kwa hiyo ukikosa «Ujiji» jaribu «Zanzibar» au «Livingstone». Angalia hasa Baner ac Amserau Cymru, gazeti lililochapishwa na Thomas Gee papa hapa Denbigh. Tangazo moja la gazeti la mjini, lenye tarehe, lina uzito kuliko slaidi tano za vitabu. Karatasi nyingi za Stanley mwenyewe ziko Tervuren, Ubelgiji. Orodha yake ikikusaidia kujua kilichopo, inatosha kwa kazi hii.

Kuhusu sanamu. Iliwekwa 2011 mbele ya maktaba. Baada ya maandamano ya 2020 ya kupinga ubaguzi wa rangi suala likarudi, na Oktoba 2021 wakazi wakapiga kura: 592 waliitaka ibaki, 171 iondolewe. Ziweke takwimu hizo kichwani, usiziweke kwenye slaidi. Ongea na mwenyekiti mapema: akubali kwamba maswali ya msafara yatatangulia, na la sanamu likija, likatwe baada ya watu wawili watatu. Ukiulizwa maoni yako, yaseme kwa sentensi mbili, kwa unyoofu, ukanyamaza. Wewe ni mkazi, una haki ya kuwa nayo. Kinachoharibu jioni ni mzungumzaji kuigeuza dakika ya mwisho kuwa kampeni, au kukwepa kiasi kwamba watu wanaona anaogopa. Nionavyo mimi, mji ule umebishana sana juu ya shaba na kidogo sana juu ya waliobeba mizigo, na wewe unaweza kupunguza pengo hilo bila kumwambia mtu yeyote apige kura vipi.

Upande wa ufundi, muda ndio unaowaangusha wengi. Ukisoma Kiingereza kwa utulivu ni kama maneno 100 kwa dakika, basi andika maneno 4,000 na si zaidi. Usomaji wa Kiswahili, kucheka, na kugusa kaniki vitajaza zilizobaki. Slaidi 25 zinatosha, herufi zisiwe chini ya pointi 28, na zisiwe na aya nzima. Zihifadhi pia kama PDF kwenye flashi, kwa sababu kompyuta ya ukumbi inaweza kukosa fonti zako na kuvuruga kila kitu. Fika dakika 40 kabla. Jaribu waya wa projekta. Kompyuta nyingi mpya zinahitaji adapta, na ukumbi hautakuwa nayo.

Tumia kipaza sauti hata kama una sauti kubwa. Kumbi nyingi zina mfumo unaotuma sauti moja kwa moja kwenye vifaa vya kusaidia usikivu, na mfumo huo hupokea tu kinachopita kwenye kipaza sauti. Mtu wa safu ya nyuma akisema «hatukihitaji, tunakusikia», anajisemea mwenyewe. Na swali likiulizwa, lirudie kwenye kipaza sauti kabla ya kujibu.

Kuna jambo ambalo vyama vingi hulisahau: meza ya kupokea. Makanisa ya Wales yalipeleka wamisionari Afrika, na ndani ya madroo ya mji kuna barua, picha, na vinyago visivyo na maelezo. Waombe kwenye tangazo walete. Mtu mmoja akae mezani na skana na daftari. Picha ichukuliwe kwa dpi 600, ndogo kama kitambulisho kwa 1200, ihifadhiwe TIFF, ipewe namba, na namba hiyo iandikwe daftarini pamoja na jina la mwenye picha, waliomo, mahali na mwaka unaokisiwa. Usiandike juu ya picha. Asilia irudi nayo mwenyewe usiku ule ule. Picha iliyoazimwa «kwa wiki moja» ndiyo inayopotea na kuvunja urafiki. Asaini fomu fupi ya ridhaa inayosema kama picha inaweza kuwekwa mtandaoni. Casgliad y Werin Cymru, mkusanyo wa kidijiti wa watu wa Wales, hupokea picha kama hizo na maelezo yake. Akitokea mtu wa kusimulia, usimrekodi katikati ya kelele za vikombe. Chukua namba yake, mwendee nyumbani, rekodi WAV na si MP3, fomu ya ridhaa isainiwe baada ya mazungumzo, anapojua alichokisema.

Chama kikipenda kazi yako, huenda wakakuomba mwaka unaofuata uongoze matembezi wakati wa Drysau Agored, tamasha la kila Septemba linaloratibiwa na Cadw, idara ya turathi ya Serikali ya Wales, ambapo majengo na ziara huwa bure. Njia iko tayari: ngome, mnara wa St Hilary, kisha kuteremka hadi uwanja wa maktaba. Ni fupi lakini ina mteremko mkali, kwa hiyo ipitie kwanza na mtu anayetumia fimbo au kiti cha magurudumu, uandike mahali pa kupumzika. Watu wasizidi ishirini, mmoja mwenye fulana ya kung'aa atembee nyuma. Tathmini ya hatari iwe ukurasa mmoja: barabara, mawe yenye utelezi, mvua, namba ya dharura. Bima ya dhima kwa umma iwe ya chama, si yako. Uliza kabla ya kutangaza. Cadw husajili matukio miezi kadhaa kabla, basi chama kianze kuulizia majira ya kuchipua.

Usiku wa mhadhara ukipita, safisha maandishi yako ndani ya wiki moja, ongeza masahihisho waliyokupa wazee, weka tarehe na jina lako, umpe katibu nakala moja na ofisi ya nyaraka ya Ruthin nakala nyingine. Aya ya Tippu Tip iache ndani kwa Kiswahili.